Nyapara wa Nyasho na Kibarua wa Butiama

Masatu alikuwa na imani mbili. Ya kwanza ni ile ya Jumapili, na hiyo hakuwa anaifuatilia sana. Ya pili ni kwamba nyapara hatakiwi kushika jembe, na hii aliishika asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja.

Aliipata Mwanza, kwenye semina ya siku tatu ya watu wanaotengeneza programu za simu. Kwa asiyejua, programu ikishaandikwa bado haijawa kitu. Ni unga kwenye ndoo. Lazima kompyuta iuchukue ule unga, iuchekeche, iupike, iupakue, ndipo simu iweze kuula. Kazi hiyo inachosha mashine. Miaka yote Masatu alikuwa akipikia kwenye kompyuta yake moja tu pale Nyasho, mjini Musoma, chumba cha mbele, feni yake ikilia kama mtu anayepanda mlima na gunia. Mwalimu wa semina akawaambia wasifanye hivyo. Kompyuta moja iwe nyapara, nyingine ziwe vibarua. Nyapara apokee kazi, azipange foleni, amtumie kila kibarua ya kwake, kisha asubiri majibu. Yeye mwenyewe asipike hata punje, maana akilemewa akaanguka, shamba zima linasimama.

Masatu aliielewa semina hiyo kupita alivyofundishwa.

Aliporudi Musoma aliondoa vyombo vyote vya kupikia kwenye kompyuta ya Nyasho ili ibaki nyapara safi. Halafu akaanza kujiondolea vyombo yeye mwenyewe. Kuandika programu akamwachia Dafroza, mwenzake aliyesoma naye chuo na ambaye sasa alikuwa na duka la vifaa vya ofisi Nyasura, pale Bunda. Kupokea malalamiko ya wateja, Dafroza. Kutafuta kosa liko mstari gani, Dafroza. Hata mke wake, Happyness, alipomwambia bomba la uani linavuja, Masatu alimtazama kwa upole akasema, "Mama watoto, mimi ni mtu wa kugawa kazi." Happyness akalifunga bomba kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mchana akagawa chakula kwa namna ambayo Masatu aliona sahani yake ina nafasi kubwa.

Vibarua walikuwa wawili. Mmoja alikaa dukani kwa Dafroza. Wa pili alikaa Butiama, nyumbani kwa mama mkubwa wa Masatu, Ghati, mjane mwenye chumba cha ziada na mdomo wa ziada. Siku Masatu alipompeleka yule kibarua wa pili, boksi jeusi lenye taa ya kijani, mama mkubwa alilizunguka kama anayenunua ndama.

"Huyu anakulaga nini?"

"Umeme tu, mama."

"Analalaga?"

"Halali. Mchana na usiku yuko kazini."

"Anaongea?"

"Ananguruma kidogo."

"Haya, mwachie hapo," alisema Ghati. "Marehemu mume wangu alikuwaga analala, anakula, na ananguruma kuliko huyu."

Akawatangazia majirani wote kwamba amepata kibarua wa ndani. Watu wakaja kumwona. Wengine walimletea salamu.

Butiama hapakuwa na wezi wa madirisha kama Nyasho, kwa hiyo Masatu alimkabidhi kibarua huyo kitu cha thamani kuliko vyote, yaani muhuri. Kila toleo jipya la programu lazima ligongwe muhuri wa siri, na simu ikikuta toleo halina muhuri uleule wa zamani inalikataa, kama karani anavyokataa barua isiyopita kwa mtendaji. Muhuri ulikuwa mmoja. Masatu, kwa kuwa ni mtu makini, aliweka na nakala ya akiba. Aliiweka kwenye kompyuta ileile ya Butiama, folda ya jirani.

Msimu huu alikuwa amepata kazi ya kumfanya naye aitwe mtu. Chama kimoja cha wakulima wa pamba, nje kidogo ya Bunda, kilikubali kuacha daftari na kuandika mizani kwa simu. Miaka mitatu aliwabembeleza. Katibu wa chama, Benjamini, mzee anayependa daftari kama wenzake wanavyopenda ng'ombe, alikubali shingo upande. Jumatatu wakafanya majaribio. Mkulima wa kwanza akaleta pamba kilo arobaini na nusu. Simu ikaimeza ile nukta ya desimali, ikaandika kilo mia nne na tano. Mkulima akavua kofia akaishukuru teknolojia mbele ya mashahidi. Wa pili akakimbia nyumbani kuongeza pamba.

Benjamini akapiga simu Nyasho. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakuificha vizuri.

"Bwana mdogo, ununuzi unafunguliwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Simu zako ziwe zimepona. Zisipopona narudi kwenye daftari langu, na wewe uje uchukue mzigo wako, tusionane tena."

"Zitapona, mzee."

"Utazishughulikia wewe mwenyewe?"

"Nitahakikisha kazi inagawanywa."

"Haya," akasema Benjamini, na hata kule Nyasho ilisikika kwamba anachonga penseli.

Jumanne Dafroza aliiona nukta ilikopotelea. Jumatano asubuhi akaituma programu iliyorekebishwa. Nyapara wa Nyasho akaipokea, akampa kibarua wa Bunda sehemu ya kuchekecha na kujaribu, naye akamaliza kabla chai haijapoa. Ikabaki kupika toleo la mwisho na kuligonga muhuri. Hiyo ilikuwa kazi ya Butiama. Kwenye kioo yakatokea maneno mawili: *Inasubiri Butiama.*

Masatu akanywa kikombe cha pili. Inasubiri Butiama. Akanywa cha tatu. Ndipo akapiga simu.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mama, kibarua amezimika?"

"Hajazimika. Nimemzima."

"Mama! Kwa nini?"

"Mambo mengine hayasemwi kwenye simu. Njoo." Akakata.

Masatu akampigia Dafroza. "Dada, hebu kazi ya mwisho ifanyike hapo kwako."

"Bila muhuri? Nilikwambia tangu Januari muhuri ukae mahali pawili."

"Uliniambia?"

"Nilikuandikia. Ukanijibu kwamba umelipanga kwenye foleni."

Masatu akawasha pikipiki. Alikata kona Makutano akiwa na hasira, na hasira ilimfikisha Butiama mapema, ila haikumsaidia kupita, maana nje ya uzio wa mama yake mkubwa palikuwa na turubai, viti, na watu wengi walioketi kimya. Mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa. Fundi wa kuchomea vyuma alikuwa amekaa chini ya turubai, mikono magotini. Mzee Mugeta, jirani wa uzio mmoja na Ghati, alikuwa amefariki Jumanne alfajiri, na angezikwa Alhamisi saa tisa, akisubiriwa bintiye kutoka Dodoma.

Masatu alisalimia, akatoa pole, akaandikisha rambirambi, kisha akamvuta mama mkubwa nyuma ya jiko.

"Mama, pole sana. Sasa yule naomba nimwashe nusu saa tu."

"Maiti iko ndani, mwanangu. Hapa hakuna anayeshika kazi mpaka azikwe. Hilo unalijua."

"Mama, ile ni mashine."

"Nani kakwambia ni mashine?" Ghati alifungua macho kama mtu aliyetukanwa. "Mwaka wa pili huu nawaambia watu nina kibarua. Marehemu mwenyewe alikuwaga anakuja kumchungulia, anamwonea huruma kwamba humpi likizo. Leo Mugeta amelala pale, na kibarua wangu ananguruma hapa, dirisha na turubai ni hatua kumi? Jana Kulwa wa mashine ya kusaga alisaga debe moja. Debe moja, tena la mama mwenye uji wa mtoto. Wamemtoza mbuzi."

"Mimi nitatoa mbuzi."

"Utatoa mbuzi, na mimi nitabaki hapa na majirani. Wewe utakuwa Nyasho."

Masatu akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Akamweleza yote: pamba, nukta, daftari la Benjamini, saa mbili ya kesho, miaka mitatu ya kubembeleza. Alieleza vizuri sana. Ghati alisikiliza akichambua mchele, na alipofika mwisho wa ungo alikuwa na jibu.

"Mwenye afya haondokagi msibani," alisema. "Mgonjwa anaondokaga."

"Mgonjwa nani?"

"Si kibarua? Tangu jana hajasema hata neno. Mpigie yule binti wa Bunda aje na pikipiki, na mipira ya kufungia mizigo. Akifika Nyasura huko hawana msiba na Mugeta, atamwasha apendavyo."

Dafroza alifika kabla muda wa saa mbili haujaisha, vumbi la Kiabakari likiwa limempaka nyusi. Walimfunga kibarua kwenye blanketi, Ghati akamtandikia kanga juu, wakamtoa mlangoni, mbele ya turubai lote.

Hapakuwa na mtu pale asiyejua kilichomo. Ila Lukas, aliyekuwa akisimamia shughuli zote za msiba, alisimama kwa heshima.

"Mama Ghati, kibarua wako vipi?"

"Anaumwa, baba. Tunamwahisha Bunda."

"Ameanza lini?"

"Jana. Msiba umemgusa."

Mama mmoja mzee akanyoosha mkono akalipapasa lile blanketi. "Wa baridi kabisa huyu, masikini."

"Apone haraka," wakasema wengine. Fundi wa kuchomea vyuma aliinama kutazama kiatu chake, mabega yakimtikisika, na jirani yake akamgonga kiwiko. Dafroza akapokea mgonjwa, akamfunga nyuma ya pikipiki mizunguko sita, akaaga kwa adabu na kuondoka taratibu, kama inavyopasa na mgonjwa.

Masatu naye akaelekea kwenye pikipiki yake.

"Sasa," Lukas akasema, wala hakupaza sauti, "kila nyumba inatoa mtu mmoja wa kuchimba, na nyumba ya mama Ghati ilikuwa imetoa kibarua. Ameumwa. Nafasi yake anakaa nani?"

Turubai zima likamtazama Masatu. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kuunyoosha mkono, kiganja juu. "Lete simu," akamwambia. "Makaburini simu hailiagi."

Hivyo ndivyo Masatu alivyobaki. Alijaribu kidogo kujitetea. Walipofika mahali pa kaburi, Lukas alimuuliza anafanyaga kazi gani huko Musoma, ili ajue ampe nini.

"Mimi kwa kweli nagawaga kazi."

Lukas aliangalia mikono yake mwenyewe, iliyokuwa mitupu, akaangalia wanaume kumi na wawili waliokuwa wakimsubiri aseme. "Nafasi hiyo imejaa," akasema. "Shika sururu."

Ardhi ya Butiama ina mawe chini kidogo tu ya majani. Sururu ilipiga jiwe, ikarudisha salamu mpaka mabegani. Kwa nusu saa ya kwanza Masatu alifikiria pamba. Ya pili alifikiria viganja vyake. Baadaye, kwa kuwa alikuwa hana simu ya kutazama, akaanza kumtazama Lukas, na kilichomkera ni kwamba Lukas kweli hakuwa ameshika jembe. Alizunguka tu. Lakini alikuwa anajua nani ameamka bila kula, nani ana mgongo mbovu na anauficha, nani akiwekwa karibu na shemeji yake watagombana. Mtu akitweta, Lukas alikuwa amekwisha kumwita mwingine kabla huyo hajaomba.

Mzee aliyekuwa na kamba ya kupimia urefu wa kaburi alipoitwa nyumbani ghafla, Masatu alishtuka. "Sasa tutapimaje?"

"Kamba nyingine iko kwa Silasi," Lukas alijibu. "Na mimi urefu naujua. Na mama yako mkubwa anaujua. Kwani wewe kwako kamba inakaaga na mtu mmoja?"

Masatu akapiga sururu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jioni alibeba kuni. Akapewa ugali na maharage, akala mara mbili, na hakuna aliyempunja. Alimwuliza mama mkubwa kama Dafroza amepiga simu. Ghati akamwambia msibani watu wanapiga simu wengi, akamtuma maji. Alipouliza tena alikuta mama mkubwa katikati ya wimbo wa kwaya, na wimbo ulikuwa na beti nyingi.

Alhamisi saa mbili asubuhi, wakati ununuzi wa pamba unafunguliwa huko Bunda, Masatu alikuwa ndani ya kaburi mpaka kifuani, akipandisha jiwe ambalo watu wawili walikuwa wameshindwa nalo jana yake. Alijua ni saa mbili kwa kuwa kengele ya shule iligonga. Akalishusha jiwe ukingoni. Akaona wazi daftari la Benjamini linafunguliwa, ukurasa mpya, mstari wa kwanza. Akainama akachukua jiwe lingine, kwa kuwa huko chini hapakuwa na kitu kingine cha kuchukua.

Saa nne akatoka, akamfuata Ghati jikoni, tope mpaka kwenye kope.

"Mama, niambie tu. Imeshindikana?"

"Nini?"

"Mama mkubwa!"

"Aa, ile. Iliishaga jana." Ghati aligeuza ndizi kwenye sufuria. "Yule binti alipiga saa kumi na mbili jioni. Anasema alichomeka tu waya pale Nyasura, hajavua hata koti, nyapara wako wa Nyasho akamwona kibarua, akampa kazi palepale. Hata hakumuuliza uko wapi sasa hivi. Kwake yeye bado yuko Butiama. Dakika ishirini, muhuri umegongwa. Jua halijazama, binti ameziwekea simu zote pale chamani, na ule muhuri ameutolea nakala, moja kwake, moja ameifungia benki. Anasema usimkasirikie."

Masatu alitafuta pa kukaa, akakosa, akabaki amesimama.

"Tangu jana? Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kuchimba."

"Nimeteseka usiku kucha, mama!"

"Nimekuona. Ila ningekwambia ungefanya nini? Ungempigia binti umwambie afanye alichokwisha kufanya." Akampa kikombe cha uji. "Kunywa. Kaburi limependeza. Lukas kakusifu, na Lukas hasifiagi watu."

Masatu akanywa. Alitaka kukasirika, akajitafuta ndani, akakuta nguvu za kazi hiyo zimekwisha. Kilichobaki kilikuwa furaha, na hiyo ilikuja kwa kuchechemea: simu zimepona, miaka mitatu haikuzama, kazi ni yake bado. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutabasamu pale simu yake ilipolia mfukoni mwa aproni ya mama mkubwa. Ghati akabonyeza spika, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta, au kwa kuwa jikoni palikuwa na akina mama wanane waliotaka kusikia.

"Bwana mdogo!" Ilikuwa sauti ya Benjamini, na nyuma yake kelele za mizani na watu. "Simu zinafanya kazi. Arobaini na nusu inaandikwa arobaini na nusu. Wakulima wamekasirika sana."

"Nashukuru, mzee. Nilikuambia zitapona."

"Uliniambia. Sasa chama kimeamua mambo ya mbegu na ya dawa nayo yaingie humo humo kwenye simu. Nataka tukae, mimi na fundi. Wewe uko ofisini?"

Masatu aliangalia viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge manne, mawili yamepasuka. Nje Lukas alikuwa akiita wanaume wa kupanga matofali pembeni ya kaburi, na aliposema "wa nyumba ya mama Ghati" hakutaja jina. Akina mama wanane walikuwa wameacha kumenya.

"Hapana, mzee," akasema. "Niko kazini."

"Kazini! Vizuri sana," alisema Benjamini kwa heshima ambayo Masatu hakuwahi kuisikia kutoka kwake. "Basi sikukatishi. Nitampigia Dafroza."